SAA YA MICHEZO NA SUTI: JE, ZAPATANA?

Simama kando ya barabara yo yote ya katikati ya Nairobi mwendo wa saa mbili asubuhi, wakati makarani, mawakili na wafanya biashara wanapokwenda kazini. Utawaona mabwana waliovaa suti zilizopigwa pasi zikanyooka, tai shingoni, na viatu vinavyong'aa. Lakini hebu tupa jicho kwenye mkono wa kushoto. Mmoja amevaa saa nyembamba yenye mkanda wa ngozi. Wa pili amevaa saa nene ya plastiki nyeusi, yenye vitufe vinne na nambari zinazomulika. Wa tatu ana ile ya wapiga mbizi, ya chuma, yenye duara la kuzungushwa, ingawa huenda bahari aliiona mara ya mwisho alipokuwa likizoni Mombasa. Wa nne amevaa saa ya wakimbiaji, inayopima kilomita na mapigo ya moyo, na mbio zake zote ni za kukimbilia matatu.

Je, mambo haya yanafaa? Swali hili huwagombanisha watu. Wako wanaosema kwamba kuvaa saa ya michezo na suti ni kama kuvaa ndara na kanzu ya arusi. Wako pia wanaojibu kwamba saa ni saa, kazi yake ni kuonyesha wakati, na mwenye kuchungulia mkono wa mwenziwe hana kazi ya kufanya. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina neno la haki na neno la makosa, na kwamba jambo lenyewe si dogo kama linavyodhaniwa.

Sheria Ilitoka Wapi?

Wanaoshika sheria ya zamani husema hivi: saa ya kuvaliwa na suti iwe nyembamba, uso wake uwe mtulivu usio na makorokoro, na mkanda wake uwe wa ngozi inayofanana na viatu. Tena husema kwamba katika karamu rasmi ya usiku, ile ya koti jeusi na tai ya kipepeo, yafaa mtu asivae saa kabisa, maana mgeni mwenye kutazama saa ni kama amwambiaye mwenyeji wake kwamba amechoka.

Sheria hiyo ilitoka Ulaya, pamoja na suti yenyewe. Lakini wanaoitaja kwa sauti kubwa mara nyingi hawajui kisa chake chote. Miaka 120 hivi iliyopita, bwana wa heshima huko Ulaya hakuvaa saa ya mkononi hata kidogo. Saa yake ilikaa katika mfuko wa kizibao, imefungwa kwa mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, sawa na bangili.

Ni nini kilichobadilisha mambo? Kazi ndiyo iliyobadilisha. Mwaka 1904 fundi maarufu wa Paris, Louis Cartier, alimtengenezea saa ya mkononi rafiki yake Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha ndege. Rubani huyo hakuweza kuachilia usukani ili apekue mfukoni. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, vita vile vile vilivyowabebesha mizigo maelfu ya watu wetu na kuuachia mtaa wa Kariokor jina lake. Huko Ulaya afisa aliyekuwa handakini alihitaji kujua dakika ya kushambulia huku mikono yake ikiwa na shughuli nyingine. Akaifunga saa mkononi. Askari waliporudi makwao hawakuivua, na wala hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba wamevaa bangili za wanawake.

Basi msomaji utaona ajabu ya mambo. Saa ya mkononi, hata ile nyembamba ya ngozi tunayoambiwa ndiyo ya heshima, mababu zake ni saa za rubani na za askari. Ilianza kama chombo cha kazi, na heshima ikaipata baadaye.

Waliovunja Sheria

Na hao hao wenye suti hawakuketi katika sheria yao. Rolex walitoa saa ya wapiga mbizi iitwayo Submariner mwaka 1953. Miaka 11 baadaye, katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964, Sean Connery anatokea majini, anavua vazi la kupigia mbizi, na ndani yake amevaa koti jeupe la karamu. Mkononi ana Submariner. Watazamaji wa dunia nzima hawakuona kosa. Waliona mwanamume barabara.

Mwaka 1972 kampuni ya Audemars Piguet ya Uswisi ilitoa saa ya Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta. Ilikuwa saa ya michezo, ya chuma, yenye pembe nane na misumari iliyoachwa wazi usoni, na bei yake ilizipita saa nyingi za dhahabu. Leo matajiri huivaa na suti bila ya kuulizwa na mtu. Bill Clinton naye, alipokuwa Rais wa Marekani, alionekana mara nyingi katika suti yake akiwa na Timex Ironman, saa ya plastiki ya wanariadha ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuinunua.

Hapa ndipo tunapopata shaka na wanaojiita walinzi wa adabu. Tajiri akivaa saa nene ya wapiga mbizi yenye bei ya shamba, wanasema ana ladha. Karani akivaa Casio ya plastiki, wanasema hajui kuvaa. Zote mbili ni saa za michezo. Basi kinachopimwa hapo si adabu, ni mfuko. Na adabu inayopimwa kwa mfuko si adabu tena.

Tusitupe Heshima

Hata hivyo hatusemi kwamba kila mtu avae atakavyo mahali po pote. La hasha. Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa na London kwamba kila shughuli ina vazi lake. Pwani mtu haendi kuswali Ijumaa na kaptura ya kuchezea mpira, na bara mtu haendi kuposa na matambara ya shambani. Vazi ni salamu. Kabla hujafungua kinywa, nguo zako zimekwisha kuwaambia watu kama umewajali au hukuwajali.

Tuchukue mfano wa mazishi. Familia imeketi kimya, kasisi au shehe anasoma dua, na ghafula saa ya bwana mmoja inalia titi-titi kutangaza saa kamili. Au chukua saa hizi mpya za umeme zinazounganishwa na simu. Mwenye nayo anazungumza na mzee, mara mkono unatikisika, naye anainamisha macho kusoma ujumbe. Kwetu kutazama saa mbele ya mgeni ni kumfukuza bila ya kumwambia nenda. Kosa hapo si umbo la saa, wala si plastiki yake. Kosa ni kwamba saa imejitia katika mazungumzo ya watu.

Kwa hiyo tunashauri kipimo chepesi, ambacho hakihitaji kitabu cha Kizungu. Saa inayovaliwa na suti iingie chini ya mkono wa shati, ikae kimya, na isimshughulishe mtu kuliko uso wa mwenye kuivaa. Saa nyingi zilizotengenezewa suti hazizidi milimita 10 kwa unene. Saa nyingi za aina ya G-Shock huzidi milimita 13, na hizo hukwama kwenye kifungo cha shati na kulikunja koti. Si haramu, lakini hazikai vizuri. G-Shock yenyewe tusiitukane. Mhandisi wa Kijapani, Kikuo Ibe, aliibuni ili ianguke isivunjike, na baada ya kujaribu mifano karibu 200 ikatolewa mwaka 1983. Ni chombo cha fundi wa gereji, cha askari na cha mwanariadha. Mahali pake panajulikana, na hapo haina mpinzani.

Kwa ofisini siku za kawaida, basi, saa ya michezo iliyo safi na isiyo nene hatuoni ubaya wake. Kwa arusi, kwa mazishi, mahakamani, na katika karamu ya usiku, ni bora kuvaa saa nyembamba, au kuiacha nyumbani. Maharusi hawaolewi kwa dakika, na marehemu hana haraka.

Na asiye na saa mbili asihangaike. Mafundi saa wanaokaa barazani mwa maduka na visanduku vyao vya kioo wanaweza kukubadilishia mkanda wa mpira au wa nailoni wakakutilia wa ngozi nyeusi kwa fedha kidogo, na saa ile ile ya Jumamosi uwanjani ikawa ya Jumatatu ofisini. Kabla ya kuingia katika shughuli, zima mlio wake. Hayo ni mambo ya dakika mbili.

Saa ya Uongo

Lakini liko jambo linalotutia uchungu zaidi ya saa ya mpira. Nalo ni saa ya uongo. Kijana anaambiwa kwamba suti bila ya saa ya heshima ni aibu, naye kwa kuogopa kuchekwa anakwenda kununua saa iliyopakwa rangi ya dhahabu na kuandikwa jina kubwa la Uswisi, ambayo haijapata kuiona Uswisi. Baada ya mwezi rangi inabanduka na mkono unageuka kijani. Mwingine anakopa kwa simu ili anunue ya kweli, kisha anashindwa kulipa kodi ya nyumba. Wazee walisema si kila king'aacho ni dhahabu. Saa ya plastiki haimdanganyi mtu. Yasema mimi ni plastiki, na wakati ni huu. Iliyojipaka dhahabu husema uongo mchana kutwa, hata kama dakika zake ni za kweli. Kati ya hizo mbili, iliyokosa adabu ni ya dhahabu.

Tunasema haya tukiwafikiria hasa vijana wanaotoka shule na vyuo wakienda kuulizwa maswali ya kazi. Suti ameinunua Gikomba, tai ameazima kwa mjomba, na mkononi ana Casio F-91W, saa ndogo ya plastiki ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1989 na ambayo yaweza kwenda miaka mingi kwa betri moja. Wenye kuajiri, tunawasihi msimhukumu kijana huyo kwa mkono wake. Mtazameni kama amefika kabla ya wakati. Kama amefika, saa yake imekwisha kufanya kazi yote ya heshima ambayo saa yaweza kufanya. Na aliyechelewa nusu saa akiwa na dhahabu mkononi, hiyo dhahabu ni ya nini?

Ugomvi wa mavazi si mgeni nchini mwetu. Mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti bungeni, vazi lenye jina la Rais wa kwanza wa Zambia. Wengi waliuliza kwa nini heshima ya Mwafrika ipimwe kwa tai ya Mzungu. Swali hilo lilikuwa na maana, na lina maana hata katika habari ya saa.

Maana sisi Waswahili tuliipokea saa zamani, lakini hatukuipokea kama vipofu. Mzungu akiona mshale mfupi umesimama kwenye saba asubuhi, husema ni saa saba. Sisi twatazama mshale ule ule na kusema ni saa moja, kwa sababu kwetu saa za mchana huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Chombo ni chao, kusoma ni kwetu. Basi na sheria zao za suti tuzisome hivyo hivyo. Tulikubali neno lililo jema ndani yake, yaani kuwajali watu uliowaendea, na tuliache lile la kumdharau asiye na fedha.

Shauri letu ni hili. Vaa saa uliyo nayo, isafishe, ifunge vizuri, inyamazishe, na ufike kwa wakati. Aliye na nyembamba aivae siku ya arusi. Asiye nayo ashushe mkono wa shati, aketi na wenziwe, na wala asione haya.