MATEMBEZI YETU: Kambi Kando ya Ziwa Jilore

Vijana wa Malindi na Kilifi wakipata siku mbili za mapumziko hushika njia ya ufuoni. Si vibaya, bahari ni yao. Lakini twawauliza: ni wangapi waliokwisha kulala hemani karibu na Ziwa Jilore? Ukitoka Malindi kwa njia iendayo Tsavo, utalifikia kabla ya Kakoneni.

Ziwa hili ni mtoto wa mto Sabaki. Mto wenyewe huanza kwa jina la Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, hukutana na mto Tsavo uletao maji ya pande za Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima, ukaitwa Galana, na huku kwetu ukaitwa Sabaki. Mto ukifura, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya mwaka 1961 na ya 1997, maji huingia ziwani kwa wingi. Mvua za bara zikikosekana, ziwa husinyaa, na pengine hubaki matope yaliyopasuka. Kwa hiyo yafaa msafiri aulize hali ya maji kabla ya kufunga mizigo.

Wapendao kuvua watapata kambale na perege. Kambale ana kiungo kichwani kimwezeshacho kuvuta hewa, hata maji yakichafuka na kupungua huweza kustahimili siku nyingi. Perege hana nguvu hizo. Tena, perege jike huatamia mayai yake kinywani, na watoto wakisha kuanguliwa hukimbilia humo humo wakiona hatari. Basi anayemtoa jike mmoja majini wakati huo ameondoa na kizazi kizima. Ukimwona samaki uliyemnasa anatema vitoto, mrudishe upesi.

Mgeni na atumie mshipi na ndoana tu. Twajua wako watu wakokotao vyandarua majini, wakazoa hata vidagaa visivyotosha kijiko. Chandarua ni cha kuzuia mbu, nacho kifanye kazi hiyo. Tena ziwa likiwa limepungua, shauri letu ni kwamba mgeni aache ndoana nyumbani kabisa. Yeye avua kwa kujifurahisha, lakini mwenyeji wa Jilore avua kwa ajili ya chungu, na maji hayo hayo ndiyo anyweshayo ng'ombe wake.

Hema lisisimamishwe ukingoni, hata kama mahali pamependeza namna gani. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, naye hufuata njia zake za siku zote. Akimkuta mtu kati yake na maji, humrukia bila kungoja. Tazama nyayo kwanza, kisha piga kambi juu penye mwinuko, mbali na njia hizo. Maji yatekwe jua lingali juu, na mahali watekapo wenyeji, kwa sababu ya mamba.

Siku ya pili ni ya miguu. Kusini ya ziwa waanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Hapana budi kupata ruhusa na kiongozi katika ofisi ya msitu iliyoko Gede, kwa kuwa ndovu wamo, na mtu asiyezijua njia hupotea upesi. Moto usiwashwe humo. Majani makavu ya mrihi hushika kwa cheche moja. Penye mchanga mweupe utaona miti ya mrihi, na chini yake, ukinyamaza, sange mwenye mgongo wa dhahabu upande wa nyuma akichakura majani kwa pua yake ndefu. Penye udongo mwekundu ndiko akaako bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi shibiri moja, ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1965. Mchana hulala kichakani, rangi yake ni ya majani makavu, na kiongozi aweza kumnyoshea kidole mara tatu nawe usimwone.