Tusiwe Watazamaji wa Qarun

Na Mwalimu wa Madrasa, Kiuyu

  

Wanafunzi wapendwa na wazazi wetu watukufu, mukimuuliza kijana wa leo hapa Kiuyu ni nchi gani yenye raha kuliko zote, mara nyingi jibu halichelewi: Marekani. Yeye hajafika, wala baba yake hajafika, lakini ameiona kwenye simu. Ameona nyumba yenye bustani, gari jipya, na mtu wa kwao aliyevaa koti, amesimama kwenye theluji anacheka. Kwa miaka mingi, kuanzia mwaka 1995, nchi hiyo ilikuwa ikitoa viza za makaazi kwa bahati nasibu, kiasi cha 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na vijana wetu nao walijaza fomu na kungoja majibu kama mtu anavyongoja mwezi wa Idi.

Makusudio ya makala hii si kutukana nchi za watu. Mwenye kusema kweli na aseme yote. Marekani ina vyuo vikuu vinavyosifika duniani kote, ina watu wanaofanya kazi kwa bidii, na pato lake kwa kila mtu linapindukia dola 80,000 kwa mwaka. Wala sisi wa Kaskazini Pemba hatuhitaji kuhubiriwa utamu wa umaskini, kwani tunaujua ladha yake. Uchunguzi wa bajeti za kaya wa mwaka 2004/05 uliikuta Wilaya ya Micheweni kuwa maskini kuliko zote Zanzibar. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akimuomba Allah amkinge na ufukara. Basi kutafuta mali ya halali si kosa, na safari ya kutafuta riziki si dhambi.

Suali letu ni hili: je, mali ikishakuja, furaha nayo huja nyuma yake kama mkia? Na tuwasikilize Wamarekani wenyewe, maana wao wamejipima.

Mwaka 1974 mtaalamu wao wa uchumi, Richard Easterlin, alichunguza miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Aliona kuwa mapato ya watu yalipanda sana, lakini walipoulizwa kuhusu furaha zao, majibu hayakupanda pamoja na mapato. Wapo wataalamu waliompinga, na mjadala haujesha. Lakini tazama na haya. Ripoti ya kimataifa ya furaha ilipoanza kutolewa mwaka 2012, Marekani ilikuwa ya 11. Mwaka 2025 ilikuwa ya 24, na katika muda huo utajiri wake ulizidi kukua. Mwezi wa Mei 2023, Vivek Murthy, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Serikali yao, alitoa waraka wa kuonya juu ya upweke. Alieleza kuwa kiasi cha nusu ya watu wazima wamewahi kuupata, na kwamba madhara ya kukosa watu yanaweza kulingana na ya kuvuta sigara 15 kwa siku.

Ripoti hiyo ya 2025 ina jambo jengine ambalo mtu wa Pemba akilisoma atasita. Mwaka 2023, takriban mmoja katika kila Wamarekani wanne alisema kuwa siku iliyopita alikula milo yake yote peke yake. Chakula kipo, friji limejaa, meza ni nzuri, lakini hakuna wa kumwambia "karibu".

Na ile nyumba ya kwenye picha? Mara nyingi ni ya mkopo wa benki wa miaka 30, pamoja na riba yake. Madeni ya kaya za Marekani yalipita dola trilioni 17 mwaka 2023. Katika nchi hiyo hiyo, hesabu ya Januari 2024 iliwakuta watu zaidi ya 770,000 hawana makaazi, na mwaka 2022 watu zaidi ya 100,000 walikufa kwa kuzidisha madawa ya kulevya. Haya hayaingii kwenye picha.

Hata hivyo, tusikimbilie kujisifu. Katika orodha hiyo hiyo ya furaha, Tanzania iko chini sana kuliko Marekani. Watu wetu wakiulizwa, husema maisha ni mazito, na ni kweli. Kwa hiyo sisemi kwamba wao wana huzuni na sisi tuna furaha. Nisemalo ni kwamba mali huondoa njaa, hununua dawa na huezeka paa, na hizo ni neema kubwa. Lakini haikuletei jirani, wala haikupi moyo uliotosheka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa utajiri wa kweli ni wa nafsi, haupimwi kwa wingi wa vitu.

Ndugu msomaji, kisa cha Qarun katika Surat Al-Qasas tunakisomesha kila mwaka, na mara nyingi tunamtazama Qarun peke yake. Tuwatazame na wale waliokuwa wamesimama njiani alipotoka na mapambo yake. Walitamani wangepewa kama alichopewa. Hawakujua ndani ya nyumba yake mna nini, wala mwisho wake. Wenye elimu waliwaonya, na wao hawakuzinduka mpaka ardhi ilipommeza. Leo njia aliyopita Qarun imo ndani ya simu, na watazamaji ni sisi.

Na sisi tunasaidia kuitengeneza picha hiyo. Mtu wetu akipiga simu kutoka ng'ambo, iwe Marekani, Uingereza au Muscat, salamu hazijesha mara anaulizwa atatuma lini. Hakuna anayemuuliza analala saa ngapi, anaswali wapi, au akiumwa nani humpikia uji. Anaona haya kusema kuwa anafanya kazi mbili na bado kodi ya nyumba inamshinda. Basi hutuma pesa ya kukopa, pamoja na picha ya kucheka. Mdogo wake huiona picha, huiacha skuli, na hukaa barazani kungoja safari.

Linalonitia khofu zaidi ni kwamba tunauiga upweke wao kabla ya kuupata utajiri wao. Hapa kwetu mtu akifa asubuhi, kabla ya Alasiri kaburi limeshachimbwa na hapana aliyelipwa. Marekani mazishi ya kawaida hugharimu maelfu ya dola. Lakini siku hizi hata kwetu kila mtu sinia na simu yake, arusi zinafanywa kwa mikopo ili watu waone, na mwanamme hupimwa kwa bati lake kabla ya dini yake. Tukiendelea hivi tutakosa mali na tutakosa watu, vyote kwa pamoja.

Basi nawausia mambo matatu. Kwanza, ewe mwanafunzi, soma kwa bidii, na ukipata nafasi ya kusafiri, safiri kwa elimu au kazi inayojulikana, si kwa kufuata picha. Pili, wazazi, muulizeni mtoto wenu aliyeko nje hali yake kabla ya kumuuliza fedha, na mumpe ruhusa ya kusema kweli hata kama ni chungu. Tatu, tuyashike yale ambayo Kiuyu tumeyapata bila ya kununua: sinia moja, safu moja, na mkono wa kubeba jeneza. Mwenye kwenda na aende nayo, na mwenye kubakia asiyaache yakapotea.

Allah (S.W.) atupe riziki ya halali na nyoyo zilizotosheka. Amin.

Wabillahi tawfiq.