Kilima Kisicho na Mti

Juma hili twapenda kuwasimulia kosa letu wenyewe, maana kosa likifichwa halimfundishi mtu.

Mwezi wa Septemba tuliondoka Kolwezi pamoja na vijana kumi na wanne wa darasa letu, kwenda kulitazama korongo la Nzilo. Jina hilo twalijua sote kwa sababu ya umeme: bwawa lililokamilika mwaka 1952 liliuzuia mto Lualaba mahali hapo. Lakini ni wachache waliouona mto wenyewe unavyoiaga nchi ya juu. Ukitoka katika uwanda wetu, ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, Lualaba huipasua milima na kuteremka karibu mita 450 katika mwendo wa kilomita 70 hivi, ndipo hutulia katika mabonde ya upande wa Bukama.

Gari lilituacha asubuhi mwisho wa barabara, tukashika kijia cha mgongoni mwa milima. Mvua ilikuwa bado, lakini miti ya miombo ilikwisha kutoa majani machanga, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Kijia kilikuwa chembamba, chenye mawe makali na mizizi. Na kwa mbali, chini, maji yalinguruma.

Ilipokaribia saa sita kijia kiligawanyika. Kimoja kiliendelea msituni kwa kuzunguka. Cha pili kilipanda moja kwa moja kilima kisicho na mti hata mmoja, nyasi tupu.

"Mwalimu, huku ni karibu!" vijana walisema. Nasi tukakubali.

Tulisahau yale tunayoyafundisha ubaoni. Katika nchi yetu, udongo wenye shaba nyingi huidhuru mizizi ya miti. Huota nyasi tu na mimea michache iliyozoea, kama ule mmea mdogo wenye maua ya zambarau, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na watu wengi huuita ua la shaba. Wazee wetu walizisoma alama za nchi karne nyingi kabla ya mji wa Kolwezi kuanzishwa mwaka 1937. Walichimba, wakayeyusha, wakafanya misalaba ya shaba iliyotumika katika biashara. Walijua kwamba kilima cha upara chaweza kuwa na mali. Lakini kivuli hakina.

Jua lilikuwa kali, na mawe yalirudisha joto usoni. Sisi tulitangulia pamoja na wenye nguvu, huku tukiimba. Nyuma hatukuweka mtu. Tulipofika kileleni tukahesabu: kumi na watatu.

Tuliteremka mbio. Tukamkuta mdogo kuliko wote ameketi juu ya jiwe, uso umepauka, miguu yatetemeka, na tukimwuliza jambo hajibu sawasawa. Chupa yake ilikuwa tupu tangu saa nne. Kabla hatujajua la kufanya, mchoma makaa mmoja, aliyetuona tokea ukingo wa msitu, alifika na bidoni ya maji. Akambeba mpaka kivulini, akamlaza, akamfungua vifungo vya shati, akamlowesha kichwa na kifua, akampepea. Kijana alipopata fahamu vizuri, akamnywesha maji kidogo kidogo.

"Mbona hukuomba maji?" tukamwuliza.

"Niliona haya, Mwalimu. Ninyi mlikuwa mbali."

Yule mzee hakutukemea. Aliuliza tu: "Mwalimu, katika safari hii, nani alikuwa wa mwisho?"

"Hakuna, Baba," tukajibu, na tukainamisha kichwa. Huyo ndiye mtu ambaye darasani twamlaumu kila mara kwa kuimaliza misitu, na jioni twayanunua makaa yake.

Hatukuendelea mpaka korongoni. Tulirudi kwa njia ya msituni, mdogo yule akiwa wa kwanza, wengine wakifuata hatua zake, na sisi nyuma kabisa. Tulitumia saa nyingi zaidi, lakini jua lilipotua tulikuwa kumi na wanne barabarani. Usiku ule muuguzi alimpima, akamwona mzima.

Wazazi na walimu, mkiwapeleka watoto milimani, ondokeni alfajiri, pumzikeni jua likiwa kichwani, zikagueni chupa bila kungoja mtoto aombe, na mtu mzima mmoja asikubali kamwe kuwa na mtoto nyuma yake. Korongo la Nzilo litatungoja mwaka ujao. Tukienda, tumekwisha kuchagua mahali petu katika mstari.

Kwaherini mpaka juma lijalo.