Fimbo Haiondoi Hofu

Mwezi wa Oktoba 2016 nchi nzima iliona picha za mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya akipigwa ngumi na mateke na wanafunzi wa ualimu waliokuwa mazoezini. Wananchi walikasirika, na kwa haki. Lakini sisi twauliza: hali ikoje katika nyumba ambazo kipigo chake hakipigwi picha?

Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa kabla ya kutimiza miaka 18. Kwetu Nyanda za Juu za Kusini mzigo huo uliongezwa na ukimwi. Mwaka 2007-08 Iringa, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Njombe, iliongoza mikoa yote kwa maambukizo. Watoto waliozika wazazi walitawanywa kwa wajomba na shangazi. Mabinti wengine wakapakiwa mabasi kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu, hali wao wenyewe bado watoto.

Hofu ya namna hiyo hubadili ubongo. Mtoto aishiye kwa kutishwa, mwili wake hujiweka daima tayari kukimbia au kupigana. Sehemu ya ubongo inayonusa hatari huwa kali kupita kiasi. Sehemu ya mbele, nyuma ya kipaji cha uso, ambayo kazi yake ni kuzuia mkono usiitangulie akili, hudhoofika. Nayo ndiyo hukomaa mwisho, mtu akiwa amekwisha kuvuka miaka 20. Basi mtoto huyo akiguswa bega darasani hurusha ngumi kabla hajafikiri. Twamwita mkorofi, twamchapa, na hofu ile ile iliyomdhuru twaizidisha.

Wako watakaosema: mbona sisi tulichapwa na tu wazima? Na waulizwe pia walioacha shule kwa ajili ya fimbo.

Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, na kutaka kila adhabu iandikwe kitabuni. Ndugu mlio katika kamati za shule, iwe Rungwe au Mufindi, kiombeni kitabu hicho mkisome. Mkiliona jina moja limerudiwa mara nyingi, msiulize mtoto huyo amefanya nini tena. Ulizeni anaishi na nani.