Hesabu za Matajiri: Tuzitafute kwa Chombo Gani?



Katika mkutano wa tawi uliopita lilizuka jambo ambalo halikuisha. Kijana mmoja, mpole na mwenye maneno mazuri, alikuja na kompyuta yake akatuonyesha mtambo wa kutafutia habari za makampuni. Unaandika jina la kampuni, nao unakuletea faida, madeni, bei ya hisa, na michoro ya rangi inayopanda na kushuka. Ada hulipwa kila mwaka. Wengine walipiga makofi. Mweka hazina alinyamaza, nami nikanyamaza pamoja naye. Sasa namwomba Mhariri nafasi niseme nilichokuwa nikikifikiri, maana mkutano ujao tutapiga kura.

Yafaa kwanza tujue twatafuta nini. Kila tunapoomba nyongeza ya mshahara tajiri hutujibu kwamba fedha hakuna. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Lakini kampuni ambayo hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Nairobi inalazimishwa na sheria kutangaza hesabu zake zilizokaguliwa kabla ya miezi minne kupita tangu mwaka wake wa fedha ulipofungwa. Hutangaza pia hesabu za nusu mwaka. Ikiona kwamba faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, ni lazima iwaonye watu mapema. Mwangalizi wa mambo hayo ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Karatasi hizo si barua za siri. Mfagiaji ana ruhusa ya kuzisoma sawasawa na mwenye hisa milioni.

Na ndani mna mengi kuliko faida. Mna gharama ya wafanyakazi, mishahara mbali na pensheni mbali. Mna malipo ya wakurugenzi, kila mmoja kwa jina lake. Mna orodha ya wenye hisa wakubwa, na kesi ambazo kampuni yahofia kushindwa mahakamani. Mambo hayo hayakai mbele, kwenye picha za wakubwa wakicheka. Yako nyuma, katika maelezo yenye herufi ndogo, na wengi wetu hufunga kitabu kabla ya kufika huko.

Nitawaambia kisa kilichonifundisha, ila tajiri mwenyewe sitamtaja. Nilikwenda kuwasaidia wenzetu wa tawi jingine kwenye mazungumzo ya mshahara. Mmoja wao alikuwa ameiuliza simu yake, ule mtambo mpya unaojibu maswali kama mtu, kampuni ile imepata faida kiasi gani. Ukamjibu bila kusita. Naye akaisoma hesabu ile mezani kwa sauti ya ushindi. Mhasibu wa tajiri akamwuliza kwa upole sana, “Mzee, hiyo iko ukurasa wa ngapi?” Ukurasa haukuwapo. Tulipokuja kuchungua baadaye tuliona kwamba ile ilikuwa hesabu ya kundi zima la makampuni, wala si ya kampuni yetu, tena ya mwaka mwingine. Siku ile hatukupata hata senti. Tulipogusa habari ya posho ya nyumba tulijibiwa kama watoto wa darasa la kwanza.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza ni kimoja: chombo kinionyeshe karatasi yenyewe, yenye sahihi ya mkaguzi, na nambari ya ukurasa. Yule kijana nilimwomba anifungulie kitabu cha kampuni moja. Akaniambia hakuna haja, kwa kuwa mtambo wake umekwisha kutusomea. Basi mimi hapo nilimaliza naye, ingawa chai tulikunywa pamoja.

Jambo jingine ni kwamba hakuna chombo kimoja kinachofaa watu wote, maana matajiri wetu si wa namna moja. Gazeti hili husomwa na watu wa kazi nyingi, nami nitaanza na walio karibu.

Wenzetu wa mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, tajiri wao ni KenGen. Hisa za KenGen ziliuzwa kwa watu wote mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 kila moja, na Serikali ikabaki na asilimia 70. Kwa hiyo hesabu zake hupatikana mahali pawili, katika tovuti ya Soko la Hisa na ya kampuni yenyewe, tena katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa sababu ni mali ya Serikali kwa sehemu kubwa. Zote ni bure. Ukiona maneno ya kampuni hayalingani na ya Mkaguzi Mkuu, hapo pana swali la kuuliza mezani. Mwaka wao wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kampuni nyingine hufunga Desemba, nyingine Machi, kwa hiyo ukilinganisha faida za kampuni mbili tazama kwanza tarehe.

Wenzetu wa viwanda vya chai wana shida nyingine. Mungania, Rukuriri na Kathangariri kule Embu, na Imenti, Githongo, Kinoro na Michimikuru kwetu Meru, hakuna hata kimoja kilicho katika Soko la Hisa. Ni makampuni ya wakulima. Mtambo wa yule kijana ungewaletea ukurasa mtupu. Msajili wa Makampuni aweza kukupa, kwa ada, orodha ya wakurugenzi na wenye hisa. Lakini njia iliyo fupi zaidi iko nyumbani. Wengi wenu mnaofanya kazi kiwandani mama zenu hupeleka majani kwenye kituo, nao ndio wenye hisa. Mwenye hisa ana haki ya kupata hesabu za mwaka. Mwulizeni mama kile kitabu alichopewa kwenye mkutano mkuu amekiweka wapi, kabla hajafunikia nacho mtungi.

Sasa njia yetu ya reli. Reli haifiki Meru wala Embu. Mtu wa Embu stesheni yake ya karibu ni Sagana, na mtu wa Meru ni Nanyuki ambako njia inaisha. Pale Makuyu, njiani, kuna Kakuzi. Hisa zake zinauzwa Nairobi, lakini zaidi ya nusu ni za Camellia ya Uingereza. Hesabu za Camellia ziko kwa Companies House, msajili wa makampuni wa Uingereza, ambaye tangu mwaka 2015 hufungulia watu karatasi zake bure. Thika kuna Del Monte, nayo haimo katika soko la Nairobi kabisa. Mtu atakuambia basi hesabu zake hazionekani. Kampuni mama, Fresh Del Monte Produce, hisa zake zinauzwa New York, na sheria ya Marekani huilazimisha kuweka ripoti zake katika chombo cha Serikali kiitwacho EDGAR. Ni bure. Tena kina jambo ambalo hapa kwetu bado hatunalo: unaandika neno moja, kama “Kenya”, nacho kinakutolea kila karatasi yenye neno hilo tangu mwaka 2001. Laiti Mamlaka yetu ingetutengenezea kama hicho.

Sisi watu wa reli wenyewe tumeona jambo hili kwa macho. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa Rift Valley Railways kwa muda wa miaka 25, na mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Kampuni ile haikuwa katika Soko la Hisa, hivyo aliyetafuta hesabu zake huko hakuona kitu. Lakini mmoja wa wenye mali, TransCentury, aliingia sokoni mwaka 2011, na vitabu vyake vya mwaka vilitaja reli hadi alipouza sehemu yake, asilimia 34, mwaka 2014. Mnunuzi alikuwa wa Misri, na kampuni mama ya huko nayo ilikuwa katika soko la hisa la Cairo. Huku kwetu stesheni watu walikuwa wakibishana nani hasa ni tajiri wetu, na jibu lilikuwa limechapishwa. Tatizo ni kwamba hatukujua jina la kutafuta. Chombo hakikupi jina hilo; mtu ndiye anayelijua.

Kuna mitambo ya kulipia iliyo mikubwa kuliko ule wa kijana. Bloomberg, kwa mfano, kiti kimoja hulipiwa zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Hiyo ni ya wachuuzi wa hisa, wanaotaka bei ya dakika hii. Sisi hatuna haja na bei ya dakika hii. Kuna pia mkusanyo kama AfricanFinancials, ambao huweka pamoja vitabu vya mwaka vya makampuni ya Afrika bila malipo. Mimi nauona ni msaada mzuri, kwa sababu unakupa kitabu chenyewe, na mara nyingi vya miaka ya nyuma.

Miaka ya nyuma ni kitu kikubwa. Mumias Sugar iliandika hasara kwa mwaka ulioishia Juni 2013, ikaandika tena, na tena, mpaka Septemba 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Aliyeangalia kitabu kimoja angeweza kusema ni mwaka mbaya. Aliyeweka vitabu vitano mezani angeuliza mapema michango ya pensheni iko wapi. Kwa hiyo chombo kinachofuta kampuni iliyoanguka hakitufai, maana walioachwa na madai ni wafanyakazi.

Sisemi ule mtambo wa simu utupwe. Ukiwa na karatasi mkononi, uulize maana ya neno la Kiingereza la kihasibu, au ukusaidie kupata ukurasa, kisha ufungue ukurasa huo uone kwa macho yako. Tazama pia juu ya safu kama imeandikwa kwamba hesabu ni za maelfu. Nimemwona mtu mzima akiusoma mshahara wa mkurugenzi akausikitikia, kumbe amesahau sifuri tatu.

Na pale ambapo hakuna karatasi yoyote, kuna barua. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka tajiri akipe chama habari zote zinazohitajika kwa mazungumzo. Kwa ofisi za Serikali kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Katibu wetu ana mkono mzuri wa kuandika, tumpe stempu.

Basi kura yangu ni hapana kwa ada ile. Natoa shauri nusu ya fedha hizo zinunue bando na karatasi za kuchapia, na nusu nyingine tumlipe nauli na chakula mhasibu mstaafu atufundishe watu wanne, Jumamosi sita, jinsi ya kusoma yale maelezo ya nyuma. Wawili wawe wanawake wa viwanda vya chai, maana wao ndio walio gizani zaidi.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitakuja na hesabu za KenGen za miaka mitatu, nimezichapa kurasa za mwisho tu. Herufi ni ndogo. Mwenye miwani aje nayo.

Mtu wa Reli,
Nanyuki