TIBA YA UGUMBA ISIUZWE KWA AHADI

Mtu atokaye Chome, juu milimani Upare katika Wilaya ya Same, kwenda Dar es Salaam kutafuta tiba ya ugumba, hana tofauti na mwenzake avukaye bahari kutoka Pemba au Mafia. Wote wawili huuza walichonacho, na wote hurejea mahali ambapo hospitali kubwa iko mbali.

Tangu mtoto wa kwanza wa chupa azaliwe Uingereza mwaka 1978, tiba hiyo imeenea hadi Afrika Mashariki: Uganda mwaka 2004, Kenya mwaka 2006, na sasa Dar es Salaam. Hata hivyo, tatizo moja limebaki. Mtaalamu huchagua kiinitete kwa kukitazama kwa darubini, na hata kilicho kizuri machoni mara nyingi hakishiki. Kwa hofu hiyo, baadhi ya waganga hupandikiza viwili au vitatu pamoja. Mimba ya mapacha watatu ni hatari popote. Kwa mama wa mlimani wakati wa masika, au wa kisiwani bahari ikichafuka, hatari hiyo ni maradufu.

Ndiyo maana wataalamu wanachunguza protini ambazo kiinitete huzitoa katika majimaji kinamolelewa. Tone la majimaji hupimwa, kiinitete chenyewe kisiguswe. Shabaha ni kukipata kimoja kilicho bora. Tunalipongeza wazo hilo. Lakini ukweli hauna budi kusemwa: majimaji hayo huwa yametiwa protini itokanayo na damu, nayo hufunika zile chache zinazotafutwa, na matokeo ya maabara mbalimbali yamepingana. Bado haijathibitika kwamba kipimo hicho huongeza watoto wanaozaliwa.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali, Bara na Visiwani, isiruhusu kipimo hicho kuuzwa kana kwamba kimekwisha thibitika. Kila hospitali itoe hesabu kwa maandishi: wanawake wangapi walitibiwa, na wangapi walijifungua mtoto hai. Wala isisahaulike kwamba ugumba mwingi kwetu hutokana na mirija iliyozibwa na maradhi ya zinaa au maambukizo ya baada ya kujifungua, ambayo zahanati ya kijiji ingeweza kuyatibu mapema kwa gharama ndogo.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Methali hiyo iwafikie waume wanaokataa kupimwa huku wake zao wakilaumiwa. Na iwafikie vilevile waganga wanaoficha hesabu zao.