Kusanyiko moja, imani zisizolingana

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, muumini hachagui kusanyiko. Hupangiwa kulingana na anapoishi. Mkazi wa Masoro, mtaa wa Kigali nchini Rwanda, hahamii tawi lingine kwa sababu tu mahubiri hayamkoshi. Ndiyo maana benchi moja hukaliwa na anayeshika kila fundisho, anayetilia shaka historia ya kanisa lakini anaipenda jumuiya, na aliyefuata familia tu. Hakuna mchungaji wa kulipwa wa kuwasawazisha: wahubiri wa Jumapili ni waumini wenyewe, na somo hubadilika kulingana na msemaji.

Kinachobaki kilekile kote ni masharti ya kuingia hekaluni, yakiwemo zaka na Neno la Hekima, linalokataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Nchini Rwanda, inayouza kahawa na chai ng'ambo, katazo hilo si dogo, ingawa Masoro, penye chuo kikuu cha Waadventista Wasabato, ambao nao huhimizwa kuepuka vinywaji hivyo, halishangazi mtu.

Mvutano mkubwa zaidi uko kwenye mahari. Dallin H. Oaks, akiwa mtume wa kanisa hilo, aliwahimiza waumini wa Afrika waiache. Kwa Mnyarwanda, inkwano, yaani mahari, ni shukrani kwa wazazi wa binti, kwa hiyo himizo hilo ni gumu kuliko katazo la kahawa.

Umbali wa hekalu nao ulitenganisha waumini walioweza kusafiri na wasioweza. Kigali ilipata tawi mwaka 2008, lakini Afrika Mashariki haikuwa na hekalu hadi la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025.